Zulia la Mwenzio ni Amana

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Mombasa. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, ili vikundi ambavyo havikuweza kufika navyo viyasome na kuyajadili.)

Nashukuru kuwaona wengi hivi, hasa nyinyi mliovuka feri alfajiri na nyinyi mliotoka ndani huko Kinango na Kaloleni. Najua kuna walioacha shamba na walioacha mtoto kwa jirani. Kwa hivyo nitajaribu kusema jambo la kuwafaa.

Kila nikitembelea kikundi, baada ya uji na hesabu, swali huwa ni lile lile: "Mama, tufanye mradi gani?" Na mara nyingi jibu tunalo tayari, maanake tumeona jirani anafanya. Jirani amefuga kuku, na sisi kuku. Jirani anakodisha viti na masufuria, na sisi viti. Mwisho viti vinakuwa vingi kuliko harusi.

Leo nataka kuwaeleza kazi moja ambayo wachache huifikiria. Ni kazi ya kutengeneza mazulia ya mkono yaliyoharibika. Sisemi haya ili kila kikundi kianze kesho. La. Nayasema kwa sababu mimi mwenyewe nilisukuma kikundi kimoja kuingia katika kazi hiyo bila kuijua, tukaharibu mali ya mtu. Nilijifunza kwa aibu. Nyinyi mkijifunza kwa kusikia tu, mtakuwa mmenishinda.

MAZULIA YALIFIKAJE KWETU

Ukiiacha Ngome ya Yesu nyuma yako ukaingia Mji wa Kale kwa Ndia Kuu, utaona maduka ya vitu vya kale: masanduku yenye misumari ya shaba, madele ya kahawa, viti vya zamani, na mazulia. Na mazulia mengine hayako dukani. Yako ndani ya nyumba za watu, sebuleni, au yamekunjwa juu ya kabati yakingoja Idi au harusi.

Mengi ya zamani yalikuja na upepo. Kaskazi ilipoanza kuvuma mwezi wa Desemba, majahazi na mabumu ya Uarabuni na Uajemi, ambayo leo ni Irani, yalishuka mpaka Bandari ya Kale ya Mombasa. Yalileta tende, chumvi, papa mkavu na mazulia. Kusi ilipoingia, kama mwezi wa Aprili, yakarudi na boriti za mikoko na bidhaa nyingine za kwetu. Biashara hiyo ilififia sana katika miaka ya 1970, na meli kubwa zilikuwa zimeshazoea kutia nanga Kilindini. Kwa hivyo zulia unaloliona katika nyumba ya Mji wa Kale huenda lina miaka sitini au zaidi, na halina mwenzake dukani.

Tena pwani yetu si rafiki wa zulia. Kuna unyevu, kuna chumvi ya bahari, kuna nondo, kuna watoto na chai. Ndiyo maana kazi ipo. Swali ni nani anayeijua.

ZULIA LIMEJENGWAJE

Nyinyi mnaosuka mikeka mtanielewa haraka. Mkeka huanza na miyaa, ukapata ukili mrefu, kisha ukashona ukili kwa ukili mpaka mkeka ukaenea. Mahali pakifumuka, msukaji anajua pa kuanzia. Anachomeka mwaa mpya kando ya ule wa zamani na kuufuata njia yake. Zulia la mkono nalo lina njia zake. Ndani yake mna mambo matatu.

La kwanza ni mtande. Hizi ni nyuzi za urefu, zilizotandwa kwenye kitanda cha mfumaji kabla ya kazi kuanza. Mara nyingi ni za pamba. La pili ni mshindio, uzi unaopita kwa upana, juu na chini ya mtande. La tatu ni mafundo. Kila fundo ni uzi mfupi wa sufu, yaani manyoya ya kondoo, uliozungushwa kwenye nyuzi mbili za mtande na kukatwa. Ncha zake zinazosimama ndizo yale manyoya tunayoyakanyaga. Mstari wa mafundo ukiisha, mshindio unapitishwa na kupigwa kwa kitana kizito ili mafundo yashikamane. Kisha mstari mwingine. Fundi mzuri hufunga mafundo elfu kadhaa kwa siku, na bado zulia moja kubwa humchukua miezi mingi.

Sasa sikilizeni hili vizuri, kwa sababu hapa ndipo sisi tulipoanguka. Yale matamvua mnayoyaona kwenye ncha mbili za zulia la mkono hayakushonewa ili kupamba. Ni mwisho wa mtande wenyewe. Ukiyakata mpaka kwenye mafundo, mstari wa kwanza unabaki bila kitu cha kuuzuia. Utatoka. Kisha wa pili, kisha wa tatu. Kwenye mazulia ya mashine, mara nyingi matamvua hushonewa baadaye, na ukiyatoa zulia halidhuriki. Kwa macho ya mtu asiyejua, hayo mawili yanafanana.

KOSA LETU

Ilikuwa mwaka wa 2013. Nilikuwa nikifanya kazi na kikundi cha akina mama kumi na mmoja, upande wa Likoni. Walikuwa hodari, waliwahi kupata kazi za kufua mapazia na kusafisha sakafu. Mimi nilikuwa nimefundishwa chuoni kwamba mradi mzuri ni ule unaojaza pengo. Nikaona pengo. Nikasema, "Mazulia ya Mji wa Kale yanachakaa na hakuna anayeyatengeneza. Ingieni hapo." Sikuuliza mtu kama kweli hakuna anayeyatengeneza. Niliona tu kwamba sijui fundi, nikadhani hayupo.

Nilimjua bibi mmoja, mjane, aliyekuwa na zulia jekundu lenye maua meupe. Ncha moja ilikuwa imeraruka, na pembeni nondo walikuwa wamekula mahali pa ukubwa wa kiganja. Akatukabidhi. Tulikubaliana shilingi 3,000. Hatukuandika kitu.

Wale mama waliniuliza, "Tulioshe vipi?" Nikawaambia, sabuni ya unga na burashi, kisha mlianike juani likauke haraka. Wakafanya vile nilivyosema. Mnajua leso mpya inavyochuja ukiiloweka na nguo nyeupe? Ndivyo ilivyokuwa. Nyekundu iliingia kwenye maua meupe. Tukaona haya. Ili kazi ionekane nadhifu, tukaikata ile ncha iliyoraruka kwa mkasi, tukaipeleka kwa fundi cherehani akaipinda kwa uzi wa nailoni. Siku tunalirudisha, mafundo yalikuwa yameanza kudondoka kwenye gunia tulilolibebea.

Bibi hakupiga kelele. Alipitisha mkono wake juu ya zulia, kwenye maua, mpaka ncha ile. Akasema, "Zulia hili lilikuja na bumu mwaka niliooolewa. Pesa zenu sizitaki. Nataka kujua, ni nani aliyewaambia kwamba mnaijua kazi hii?"

Mwenyekiti wa kikundi, mama ambaye hakufika darasa la saba, akajibu, "Ni sisi, bibi. Tusamehe." Na mimi mwenye diploma nikanyamaza.

Ndugu zangu, jambo hilo la kunyamaza liliniuma kuliko zulia. Katika kikundi, mama watatu walijitoa. Walisema wametiwa aibu kwa kazi ambayo hawakuiomba, na walikuwa na haki. Baada ya siku nne nilirudi peke yangu. Nikapiga hodi, nikamwambia, "Shikamoo bibi. Uliuliza ni nani aliyewaambia wanajua. Ni mimi."

Akaniangalia, akasema, "Marahaba. Nilijua, mwanangu. Siku ile uliangalia chini. Kaa unywe chai." Kisha akanituma kwa mzee mmoja wa Kibokoni, fundi wa kofia, ambaye pia alitengeneza mazulia na alijifunza kwa babake. Yaani fundi alikuwepo siku zote, hatua chache kutoka nyumba ile. Hatukuuliza.

Mzee aliligeuza zulia, akalitazama mgongo kwa muda mrefu bila kusema. Tena akatuambia, "Binti zangu, nondo amekula mahali pa kiganja. Mkasi umekula kutoka huku mpaka huku." Mistari minne ya mafundo ilikuwa imekwenda. Alifumua ule uzi wa nailoni mshono kwa mshono, kwa ncha ya sindano. Akachomeka nyuzi mpya za pamba, akiziingiza ndani ya sehemu nzima urefu wa kidole, akafuma utepe mwembamba, akaufunga ule mstari wa mwisho usitoke tena. Ilimchukua wiki tano. Gharama ilikuwa shilingi 9,000. Kikundi kililipa kwa miezi mitatu kutoka kwenye pesa zao za kuzungushiana, na mimi nikalipa nusu, kama ilivyonipasa. Ile rangi haikutoka. Mzee alisema hawezi, wala hakujaribu kudanganya kwa kuipaka nyingine juu yake. Bibi alilipokea zulia lake, na ule upande ulioingia rangi akautandika chini ya kitanda.

ALIYOTUFUNDISHA MZEE

Mzee alikubali wasichana wawili wa kikundi wakae naye. Alifariki mwaka wa 2019, Mungu amrehemu, lakini aliwaachia kazi. Miezi mitatu ya kwanza hawakugusa zulia la mtu. Walitazama migongo ya mazulia, walipanga nyuzi kwa rangi, na walifunga mafundo kwenye kipande cha gunia mpaka vidole vikazoea. Nawapa yale makubwa aliyowafundisha.

1. Ligeuze kwanza. Uso wa zulia huficha mambo, mgongo husema kweli. Mgongoni utaona kama ni la mkono au la mashine, utaona viraka vya zamani, utaona pamba iliyooza kwa unyevu. Kunja kidogo mahali penye mashaka, taratibu. Ukisikia sauti ya kukatika kama majani makavu, mtande umeoza. Zulia hilo usilitie maji wala usilivute.

2. Toa vumbi kabla ya maji. Mchanga hujificha chini ya manyoya na kuyakata shinani kila mtu anapokanyaga. Lilaze kifudifudi juu ya shuka safi, lipigepige kwa kiganja, liinue, ukung'ute shuka. Rudia mpaka shuka libaki safi. Ukitia maji kabla ya hapo umetengeneza tope.

3. Jaribu kila rangi. Chukua kitambaa cheupe cha pamba, kiloweshe, kikamue, kibandike juu ya rangi moja kwa dakika kadhaa huku umekikandamiza. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, zulia hilo halioshwi. Ukijaribu nyekundu ikapona, usidhani na buluu imepona. Jaribu zote. Jaribio hili la senti chache lingetuokoa.

4. Sufu ni nywele. Usiioshe kwa sabuni ya unga yenye ukali, wala maji ya moto. Tumia maji baridi na sabuni laini kidogo sana, kisha suuza mpaka maji yatoke meupe. Likaushe kivulini penye upepo, limelala, bila kuliacha limelowa mpaka kesho yake. Jua kali huchujua rangi, na kulowa kwa muda mrefu huozesha pamba. Kwa hivyo wakati wa masika, kazi ya kuosha ingoje.

5. Zuia kwanza, pamba baadaye. Mtu akileta zulia lenye tundu katikati na ncha inayofumuka, anza na ncha. Tundu litangoja, lakini ncha haingoji. Pembeni, pale uzi wa ukingo ulipolika, zungushia sufu mpya juu ya nyuzi za ukingo, raundi kwa raundi, kama mnavyozungushia ukingo wa kikapu.

6. Jenga kutoka chini. Penye tundu, mtande urudi kwanza, nyuzi mpya zikiingia ndani ya sehemu nzima ili zishike. Kisha mshindio. Kisha mafundo, ya aina ile ile na kwa idadi ile ile kwa kila mstari. Kuna fundo linalozunguka nyuzi zote mbili sawasawa, na kuna linalozunguka mmoja kabisa na kupita nyuma ya wa pili. Ukichanganya, ua litapinda. Acha manyoya mapya yawe marefu kidogo, uyapunguze kwa mkasi mwisho, yalingane na ya zamani.

7. Usitie gundi, wala usibandike utepe wa kunata mgongoni. Gundi hukauka ikawa ngumu kama ubao, na fundi atakayekuja baada yako hataweza kupitisha sindano. Mzee alikuwa akisema, fanya kazi ambayo mwingine ataweza kuifumua bila kuharibu zulia. Vilevile usipake wino mahali palipolika ili paonekane pamejaa. Huo ni udanganyifu, na maji ya kwanza yatakuumbua.

8. Mfundishe mwenye zulia kulitunza. Kinachokula sufu ni viwavi vya nondo, na hupenda mahali pa giza pasipofagiwa, kama chini ya kabati. Ligeuze mara kwa mara, lifagie pande zote mbili. Kizulia kidogo chenye viwavi kinaweza kufungwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki na kuwekwa kwenye friza kali kwa wiki mbili, kisha kikakung'utwa. La kuhifadhi lizungushwe kama mkeka, lisikunjwe, na lifungwe kwa shuka la pamba. Plastiki isibaki kuwa nguo yake, maanake hufungia unyevu ndani.

Sufu nayo haitokei baharini. Lakini Kenya hii kondoo wa sufu wapo nyanda za juu, na Nanyuki kuna akina mama ambao wamekuwa wakisokota sufu kwa mkono na kufuma tangu miaka ya 1970. Tena fundi hatupi nyuzi kuukuu. Uzi uliotolewa kwenye zulia la zamani una rangi iliyotulia, na mara nyingi unalingana kuliko mpya.

HATA WAKUBWA WALILIPA GHARAMA

Msidhani ni sisi tu wa Likoni tuliokata zulia. Kule London, katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, kuna zulia maarufu liitwalo la Ardabil, jina la mji mmoja wa Irani. Lilifumwa mwaka wa 946 wa Hijria, yaani 1539 au 1540, na mwaka huo umefumwa ndani ya zulia lenyewe. Lina urefu wa mita 10 na nusu hivi na mafundo kama milioni 26. Jumba hilo lililinunua mwaka wa 1893 kwa pauni 2,000.

Lakini yalikuwa mawili, mapacha. Yote mawili yalikuwa yamechakaa. Wafanyabiashara wakaamua kulikata moja ili walitengeneze jingine. Lile la London likawa zima, na pacha wake akabaki mdogo, bila kingo zake. Sasa yuko Los Angeles, Marekani, katika jumba la sanaa la huko. Mpaka leo ukilitazama la London unatazama mazulia mawili. Na sasa wanaolitunza wamelifungia ndani ya kioo, na taa huwashwa dakika kumi tu kila nusu saa, kwa kuogopa mwanga usichujue rangi. Sisi tulilianika la bibi kwenye jua la mchana.

Ninachotaka mkumbuke hapo ni kwamba kila matengenezo yana gharama, na mwenye mali ndiye wa kuambiwa gharama hiyo mapema na kuamua. Pacha yule hakuwa na wa kumsemea. Bibi wetu alikuwepo, na hatukumwuliza.

MANENO NA PESA KABLA YA SINDANO

Waswahili wanajua neno amana. Mtu akikuachia kitu chake, kitu hicho hakijawa chako hata kama kiko chumbani mwako. Zulia lililoletwa kutengenezwa ni amana, na amana inataka kuandikwa. Siku hizi wale wasichana wawili wana daftari. Mteja akija, wanaandika jina, urefu na upana, na kasoro zote wanazoziona. Wanapiga picha kwa simu mbele na nyuma, kwa ruhusa yake. Wanaandika kazi watakayofanya, kazi ambayo hawatafanya, bei, na siku ya kurudisha. Mwenyewe anatia sahihi. Rangi ikiwa inachuja, wanaandika hilo mbele yake.

Bei haikisiwi. Piga hesabu. Kwa mfano tu, ukingo utakuchukua siku mbili kwa shilingi 800 kwa siku, ni 1,600. Uzi 300. Nauli 200. Jumla 2,100. Sehemu ya kikundi nayo iongezwe, tuseme 200. Ukitaja 1,000 ili usimpoteze mteja, basi unamlipia wewe.

Na lipo neno moja ambalo vikundi vyetu vinaliogopa: "Hili hatuliwezi." Wale wasichana husema hivyo kwa zulia la hariri, kwa zulia la kale sana, na kwa lile ambalo mtande wake umeoza. Kazi wanazozikubali ni kingo, matamvua, matundu madogo, na kutoa nondo. Watu wa Mji wa Kale wameanza kuwaamini kwa sababu waliwahi kukataa kazi.

Jambo jingine ni adabu. Unaingia nyumba ya mtu. Vua viatu. Mazulia mengine ni ya kuswalia. Usilikanyage kwa viatu, usiliweke vikombe juu yake, wala usilitandike chini ya mzigo ndani ya matatu. Usiende saa za swala, wala Ijumaa adhuhuri. Kazi nyingi huja kabla ya Idi, watu wanapopamba nyumba. Jipangeni mapema, msije mkaahidi kumi mkamaliza nne.

Na sasa niseme kweli ambayo huenda haiwafurahishi. Kazi hii haikuwa mradi wa watu kumi na mmoja. Ni kazi ya watu wawili waliokaa chini ya fundi miaka kadhaa. Wanatoa sehemu yao kwa kikundi kila mwezi, na wengine wanaendelea na kufua mapazia. Miradi mingine ni ya kikundi chote, mingine ni ya mikono michache inayoungwa mkono na wote. Tukilazimisha wote washike sindano moja, tutararuana.

Yule bibi bado yu hai. Mwaka jana alituma mtu kuwaita wale wasichana. Niliogopa. Kumbe kulikuwa na zulia dogo la mjukuu wake, nondo wamelila kwenye ukingo. Aliwaambia, "Lichukueni. Mkiona hamliwezi, nirudishieni lilivyo." Waliandika katika daftari, akatia sahihi. Lilirudi baada ya wiki mbili, na aliligeuza mgongo kwanza kabla ya kulipa.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mradi wetu wa sasa, ni nani hapa karibu anayeijua kazi hiyo kutuzidi? Tumewahi kwenda kumwuliza?

2. Ni vitu gani vya watu wengine tunavyovishika sasa hivi (nguo, mashine, pesa, viti)? Vimeandikwa wapi?

3. Kazi ikiharibika, kikundi chetu hulipa vipi? Na aliyetoa shauri baya, hata kama ni afisa au mtu wa kanisa, huulizwa?

4. Katika kikundi chetu kuna vijana wawili wanaoweza kukaa chini ya fundi kwa mwaka mzima? Sisi wengine tutawasaidia vipi wakati huo?

5. Tajeni kazi moja ambayo kikundi kinapaswa kuikataa, na mseme sababu.